Kutoka Kibuga hadi Kampala: Jinsi Mji Mkuu wa Buganda Ulivyoacha Kuhama

Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko, yaani baraza la ufalme wa Buganda, lilikutana Mengo na kupitisha azimio ambalo mpaka leo wanafunzi wa historia nchini Uganda hulisoma na kutikisa kichwa. Baraza liliitaka serikali kuu ya Uganda iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya tarehe 30 ya mwezi huohuo. Siku nne tu baadaye, tarehe 24 Mei, jeshi la serikali chini ya Idi Amin lililishambulia Lubiri, jumba la mfalme lililoko juu ya kilima cha Mengo. Kabaka Muteesa II alijitetea kwa saa kadhaa, kisha akaruka ukuta wakati mvua ikinyesha, akapata teksi, na hatimaye akafika Burundi kwa kupitia Kongo. Alifia London mwaka 1969.

Kisa hiki hufundishwa kama ugomvi wa watu wawili, Milton Obote na Muteesa, au kama ugomvi wa katiba. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yanaliacha kando neno lenyewe lililotumiwa na baraza: ondokeni. Baraza linawezaje kuiambia dola iondoke? Iende wapi na bunge lake, mahakama yake, benki yake na makabati ya faili zake? Wengi huliona azimio hilo kuwa hasira tupu, au ujinga. Mimi naona kwamba watu waliokaa Mengo siku ile walikuwa wakizungumza lugha ya zamani sana ya siasa, lugha ambayo ndani yake mji mkuu kuhama ni jambo la kawaida, na mgeni kuonyeshwa mahali pa kukaa ni haki ya mwenye nyumba. Ili kulielewa azimio lile inatupasa turudi nyuma, kwenye kile ambacho Waganda walikiita kibuga.

Kibuga kilikuwa mji, lakini si mji kwa maana ya barabara na majengo yanayomngoja mtawala mpya aingie. Kilikuwa mahali alipo Kabaka. Mfalme alichagua kilima, na juu yake likajengwa Lubiri, eneo pana lililozungushiwa ua wa matete yaliyosukwa kwa ustadi, na ndani yake nyumba nyingi za nyasi za mfalme, wake zake na watumishi. Kila mkuu wa jimbo, yaani wa saza, alikuwa na wajibu wa kuleta watu wa kujenga sehemu yake, na yeye pia alipewa kiwanja nje ya ua. Kiwanja chenyewe hakikutolewa ovyo. Mkuu alikaa upande wa kibuga unaoelekea jimbo lake, ili barabara itokayo kwake iingie mjini kupitia mlangoni kwake. Kwa hiyo aliyesimama kwenye lango la Lubiri aliweza kuisoma nchi nzima kama ramani: upande huu watu wa Buddu, upande ule watu wa Kyaggwe. Barabara zilikuwa pana na zimenyooka, zikipanda na kushuka vilima bila kuvizunguka, na wageni wa kwanza kutoka Ulaya hawakuacha kuzitaja.

Mpango huu haukuhitaji kilima fulani. Ulihitaji mfalme awe katikati. Kilima kikibadilika, mpango unabaki, kwa sababu ulikuwa vichwani mwa watu. Ndiyo maana kibuga kizima kiliweza kuhamishwa. Mfalme mpya akitawazwa alijenga kwake, si kwa baba yake. Na hata mfalme yuleyule aliweza kuhama mara kadhaa. John Speke alipofika mwezi Februari 1862 alimkuta Kabaka Muteesa I akiwa Banda. Henry Stanley alipofika mwaka 1875 alipokelewa Usavara, kando ya ziwa, kisha akapelekwa Rubaga. Muteesa huyohuyo alifariki mwaka 1884 akiwa Nabulagala, kilima tunachokiita leo Kasubi, na akazikwa hukohuko. Umbali kati ya vilima hivi si mkubwa, na leo bodaboda atakupitisha vyote kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, kila kimoja kiliwahi kuwa kitovu cha nchi.

Sababu za kuhama zilikuwa nyingi. Kuni huisha pale maelfu ya watu wanapopika mahali pamoja kwa miaka. Taka na maradhi huongezeka. Nyumba za nyasi na matete hushika moto, na moto mmoja ukipata upepo unaweza kumaliza mtaa. Vita navyo vilihamisha kibuga, na pia maagizo ya waganga. Sababu kubwa kupita zote ilikuwa kifo. Mbele ya lango la Lubiri uliwashwa moto uitwao ggombolola, ambao haukuruhusiwa kuzimika maadamu Kabaka yu hai. Akifa, unazimwa. Waganda hawakusema kwamba mfalme amekufa. Walisema moto umezimika. Na moto ukizimika, mji nao umekwisha, kwa sababu uliwepo kwa ajili ya mtu yule.

Hata hivyo haukwisha kabisa, na sehemu hii ndiyo ambayo vitabu vyetu vya shule huipitia mbio. Mfalme aliyekufa aliendelea kuwa na makao. Kaburi lake, au patakatifu palipotunzwa taya lake kama ilivyokuwa desturi kabla ya Muteesa I, palikuwa na jumba, ua, wajane waliolitunza kwa zamu, dada wa kifalme mwenye cheo cha Nnalinnya, na hata Katikiro wake, waziri mkuu wa mfalme asiyeonekana. Mahali kama hapo huitwa masiro. Saza la Busiro, ambalo leo limeizunguka Kampala upande wa magharibi na kusini, lina masiro mengi kiasi kwamba jina lake lenyewe linatokana na hayo. Kwa hiyo Buganda ilikuwa na mji mkuu mmoja ulio hai na miji mikuu mingi iliyokufa lakini yenye watu, mahakama ndogo na heshima zake. Sir Apolo Kagwa, Katikiro aliyeandika historia ya wafalme wa Buganda mwaka 1901, anaposimulia kila mfalme hakosi kutaja alijenga wapi. Msomaji wa leo huona orodha ya vilima inachosha. Kwa Kagwa vilima hivyo ndivyo vilivyokuwa kalenda.

Jambo la pili la kuzingatia ni wageni. Katika kibuga hakuna mgeni aliyechagua pa kukaa. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianza kufika kwenye baraza la Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840 wakitokea Zanzibar kupitia Tabora na Karagwe. Walileta nguo, shanga na bunduki, wakachukua pembe za ndovu na watumwa. Baadaye, wakati wa Muteesa, makao yao yalikuwa Natete, mahali walipowekwa na mfalme, si karibu mno na Lubiri wala mbali kiasi cha kutoonekana. Wamisionari Waingereza waliofika mwaka 1877 waliwekwa upande huohuo. Mgeni alisubiri aitwe. Speke, aliyejiona mtu mkubwa, alikasirika sana alipongojeshwa, na sehemu kubwa ya ugomvi wake na watu wa Muteesa ilikuwa juu ya wapi atakaa na atakaa juu ya nini.

Lugha ya Kiswahili iliingia katika kibuga kwa njia hiyo ya Natete. Muteesa alijifunza Kiswahili na Kiarabu kutoka kwa wafanyabiashara. Stanley alipoondoka mwaka 1875 alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, amsomee na kumfasiria Biblia kwa Kiswahili. Sisi tunaosoma lugha hii chuoni huambiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni kigeni Buganda. Ni kweli kilikuja na wageni, lakini miaka ya 1870 kilizungumzwa ndani ya Lubiri, mbele ya mfalme, kabla hajatokea Mganda hata mmoja wa kukiogopa. Nitarudi kwenye hofu hiyo.

Mwanga alirithi ufalme mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, na akajenga Mengo. Wengi husema kwamba Mengo ndipo kibuga kilipotulia, lakini mwanzoni hapakuwa na utulivu wowote. Mwaka 1886, wakati wa mauaji ya vijana Wakristo ambao leo tunawaita Mashahidi wa Uganda, Kabaka alikuwa Munyonyo kando ya ziwa, na hukumu zilitolewa huko. Kisha kuna ziwa la Kabaka. Mwanga aliamuru lichimbwe ziwa chini ya Mengo, akitaka liunganishwe kwa mfereji na Nalubaale, ambalo Waingereza waliliita Victoria. Watu walichimba kwa nguvu, wakubwa kwa wadogo, na chuki ya kazi ile ni moja ya sababu zilizofanya apinduliwe mwaka 1888. Mfereji haukukamilika. Ziwa bado lipo. Ningependa kusema kwamba ukoloni peke yake ndio ulioufunga mji mkuu wa Buganda mahali pamoja, kwani hoja yangu ingekuwa safi zaidi; lakini mtu anayechimba ziwa hafikirii kuhama kesho. Huenda Mwanga mwenyewe, kwa sababu zake, alikwisha kuanza kutia nanga.

Tarehe 18 Desemba 1890 aliingia Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu siku ile ni muhimu kuliko mkataba aliosainishwa Mwanga siku nane baadaye. Lugard hakungoja kuonyeshwa mahali. Alikipita alichotakiwa kukaa, akapanda kilima kidogo kinachoitazama Mengo na kupiga hema juu yake. Kilima hicho Waganda walikijua kwa jina la swala, empala, waliokuwa wakilishwa huko: akasozi k'empala. Huko akajenga ngome. Kwa mtu wa Ulaya hili lilikuwa jambo la kijeshi, kutafuta mahali pa juu. Kwa macho ya kibuga lilikuwa tusi, na zaidi ya tusi: mgeni amejiweka mwenyewe, na amejiweka juu, mahali ambapo anaweza kutazama ndani ya ua wa mfalme. Tarehe 24 Januari 1892 bunduki ya Maxim ilifyatuliwa kutoka upande ule kuwasaidia Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na sehemu kubwa ya kibuga ikateketea.

Zamani baada ya moto na kushindwa namna hiyo, kibuga kingehama. Mara hii hakikuhama, na sababu yake haikuwa Lugard peke yake. Wakati wa vita vya dini vilima vilikuwa vimeanza kugawanywa. Mwanga aliwapa Wakatoliki kilima cha Rubaga, mahali alipokaa baba yake. Waanglikana walipata Namirembe. Wamisionari wa Mill Hill walipofika mwaka 1895 walikaa Nsambya. Baadaye Waislamu walipata Kibuli, ardhi iliyotolewa na mwana wa mfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo. Hapo awali kilima kikiachwa na mfalme kilirudi kuwa migomba na majani. Sasa kila kilima kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mtu anayekufa.

Halafu likaja tofali. Kanisa la Namirembe lilijengwa zaidi ya mara moja kwa nguzo na nyasi, na dhoruba ikaliangusha mwaka 1894. Lililojengwa baadaye kwa matofali lilipigwa na radi na kuungua mwaka 1910. Kama Namirembe lingekuwa jumba la mfalme wa zamani, radi ile ingekuwa ishara tosha ya kufunga mizigo. Badala yake Waanglikana walichanga fedha wakajenga jingine palepale, likamalizika mwaka 1919, na lipo. Rubaga nao walijenga kwa matofali kanisa kuu lililofunguliwa mwaka 1925. Lubiri lenyewe likabadilisha ua wa matete kwa ukuta.

Jambo la kushangaza ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuitaka Kampala iwe mji mkuu. Sir Gerald Portal, aliyekuja mwaka 1893 kuamua kama serikali ya Uingereza iichukue nchi mikononi mwa kampuni, aliona ngome ya Lugard iko karibu mno na siasa za Mengo. Akachagua rasi ndani ya ziwa, yapata kilomita 35 kusini, akaiita Port Alice. Jina halikudumu. Likabaki la wenyeji, Entebbe, ambalo kwa Kiganda ni kiti, likikumbusha viti vya mzee Mugula wa ukoo wa Mmamba. Toka 1894 hadi uhuru, makao ya serikali ya ulinzi yalikuwa Entebbe: gavana, makatibu, bustani za mimea na uwanja wa gofu. Huu nao ulikuwa mji mkuu wa namna yake, uliojitenga na wafanyabiashara na mfalme. Lakini Entebbe iko wapi? Iko Busiro, saza la makaburi ya wafalme. Gavana aliikwepa Mengo, ila hakutoka Buganda.

Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 ndio uliopigilia msumari. Mwanga alikuwa amekwisha kupelekwa uhamishoni Ushelisheli, na Kabaka alikuwa mtoto mdogo, Daudi Chwa. Waliotia saini kwa niaba yake walikuwa Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na upande wa pili Sir Harry Johnston. Mkataba uligawa ardhi kwa maili za mraba, na kutokana na neno hilo tukapata mailo, aina ya umiliki inayotuumiza vichwa mpaka leo. Kabaka alipewa maili 350. Wakuu nao wakapata zao. Ukiusoma mkataba ukiwa unaujua kibuga, unaona kilichopotea. Zamani mkuu alikuwa na kiwanja mjini kwa sababu ya cheo. Akivuliwa cheo anaondoka, na mfalme akihama wote wanahama. Sasa kiwanja ni chake na cha watoto wake, kimeandikwa, kinauzwa, kinawekwa rehani. Mfalme ambaye wakuu wake wana hatimiliki Mengo hawezi tena kuwaambia twendeni.

Mji uliozaliwa hapo ulikuwa na vichwa viwili. Ofisi za Waingereza mjini Kampala ziliondoka kwenye kilima cha ngome mwaka 1905 zikapanda Nakasero, na kuanzia hapo Kampala ya maduka ya Wahindi, mabenki na, kutoka 1931, stesheni ya reli ikakua upande wa mashariki. Upande wa magharibi ilibaki Mengo, yaani kibuga, chini ya serikali ya Kabaka. Mpaka kati yao ulikuwa mpaka kwelikweli: sheria za ujenzi, za pombe na za afya zilibadilika ukivuka. Wafanyakazi waliopika, kufagia na kubeba mizigo Kampala walilala Kisenyi na Katwe, upande wa Kabaka, kwa sababu huko Mwafrika aliweza kupanga chumba au kufungua karakana bila kuulizwa na halmashauri ya Wazungu. Ndiyo maana Katwe ikawa mtaa wa mafundi, wachapishaji wa magazeti ya Kiganda na wanasiasa. Wanaosema kwamba Mengo ilikuwa mabaki ya zamani tu pembeni mwa mji wa kisasa wanaigeuza picha. Kampala ilifanya kazi mchana, Mengo ndiko watu walikoishi.

Hofu ya Kiswahili ilizaliwa katika mji huu wenye vichwa viwili. Miaka ya mwisho ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika shule na utawala. Daudi Chwa, aliyekuwa mtu mzima sasa, alipinga kwa nguvu. Aliiona lugha hiyo kama mlango wa kuunganishwa na Kenya na Tanganyika, na walowezi wakija nyuma yake. Hakuwa akikataa Kiswahili cha Natete alichokijua babu yake Muteesa, lugha ya mgeni aliyewekwa mahali pake. Alikataa lugha ya mgeni anayejiweka.

Hapa inafaa tuwatazame jirani kidogo. Ethiopia nayo ilikuwa na miji mikuu ya kuhama. Menelik alikaa Entoto mpaka kuni zikawa taabu, na Addis Ababa, iliyoanzishwa mwaka 1886, ingeweza kuachwa vilevile kama si mikaratusi iliyopandwa na kukua haraka. Mti uliokoa mji. Rwanda, wafalme walihama mpaka Musinga alipotulia Nyanza mwaka 1899. Lakini Mjerumani Richard Kandt alianzisha Kigali mwaka 1907 mbali na Nyanza, na uhuru ulipokuja mwaka 1962 dola mpya ikaenda Kigali, ufalme ukiwa umekwisha kuondolewa. Uganda haikupata nafasi ya namna hiyo. Tarehe 9 Oktoba 1962 nchi ilipopata uhuru, mji mkuu ukatolewa Entebbe kupelekwa Kampala, yaani dola ikasogea karibu na Lubiri badala ya kwenda mbali. Mwaka uliofuata Muteesa II akawa Rais wa nchi nzima akiwa bado Kabaka. Kwa muda mfupi mji mkuu wa Uganda na kibuga vilikuwa kitu kimoja tena, kwa maana ya zamani: mahali alipo mtu fulani.

Ndoa hiyo ilivunjika kwa sababu nyingi, kubwa ikiwa kura ya mwaka 1964 iliyorudisha kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, kwa Bunyoro. Mwezi Februari 1966 Obote alisimamisha katiba na kumwondoa Muteesa kwenye urais. Mwezi Aprili akaleta katiba mpya ambayo wabunge waliikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Jibu la Lukiiko ndilo azimio la tarehe 20 Mei.

Sasa tulisome tena. Mwenye nyumba amemwekea mgeni mahali. Mgeni amevunja adabu. Mwenye nyumba anamwambia aondoke, na anampa siku kumi za kufunga mizigo, kwa sababu dola, kama kibuga, inaweza kufunga mizigo. Sidai kwamba wajumbe walikuwa wakiiwaza Banda au Nabulagala walipopiga kura. Walikuwa na wanasheria kati yao, na hoja yao rasmi ilikuwa kwamba katiba ya 1962 iliyoiunganisha Buganda na Uganda imefutwa, hivyo muungano umekwisha. Lakini hoja ya kisheria ingeweza kuishia mahakamani. Kwamba iligeuka kuwa amri ya kuondoka kwenye ardhi, hilo halitokani na sheria za Kiingereza.

Tena wazo la dola kuhama si la kichaa kiasi hicho. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuuhamishia Dodoma mji wake mkuu kutoka Dar es Salaam. Burundi ilifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Tofauti ni kwamba huko serikali zilijiamulia zenyewe. Obote alipoambiwa ahame alifanya kile ambacho Lugard angefanya, na alikifanya juu ya kilima kilekile ambacho Lugard alikielekezea bunduki.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi pande zote mbili zilivyoielewa maana ya mahali. Wanajeshi hawakulibomoa Lubiri wala kuliacha liwe magofu. Walilifanya kambi. Bulange, jumba la Lukiiko, likawa makao ya wizara ya ulinzi. Falme zikafutwa mwaka 1967, na mipaka kati ya Mengo na Kampala ikaondolewa, kibuga kikamezwa na jiji. Wakati wa Amin, chini ya kilima hichohicho cha Lubiri, watu wengi waliteswa na kuuawa ndani ya handaki la zege ambalo wageni huonyeshwa hadi leo. Na lugha ya wanajeshi, tangu siku za King's African Rifles, ilikuwa Kiswahili. Mzee wa Mengo akikuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya watu waliovunja mlango, anasema jambo aliloliona kwa macho yake. Katika darasa letu tunafundishwa hoja nzuri za kumjibu: umoja wa Afrika Mashariki, biashara, katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Sijaona hata moja inayojibu lile alilolisema yeye.

Ufalme ulirudishwa mwaka 1993. Mutebi II alitawazwa tarehe 31 Julai kule Naggalabi, Buddo, na Lubiri pamoja na Bulange vikarudi mikononi mwa Mengo. Barabara ya Kabakanjagala inaviunganisha, imenyooka kama zilivyokuwa barabara za kibuga. Katikati yake kuna mzunguko wenye lango: magari yote huzunguka, ila Kabaka hupita katikati, moja kwa moja. Kasubi, mji mkuu uliokufa ambao kuanzia Muteesa I umewakusanya wafalme wanne, uliungua tarehe 16 Machi 2010, na ulipoungua watu wa Mengo hawakufikiria kuhamia kilima kingine. Walikijenga upya palepale, matete kwa matete.

Mgogoro wa mahali haukuisha. Katiba kama ilivyorekebishwa mwaka 2005 inasema kwamba Kampala iko Buganda, na inasema vilevile kwamba itaendeshwa na serikali kuu. Mswada wa sheria ya jiji ulipoletwa, Mengo ilipinga vikali mpango wa kuipanua mipaka ya Kampala ndani ya wilaya za jirani, ikihofu kwamba jiji litaimeza Buganda kipande kwa kipande. Sheria ilipita mwaka 2010, na mwaka uliofuata mamlaka mpya ya jiji ikaanza kazi. Ofisi zake ziko Nakasero. Ukisimama juu ya Namirembe jioni unaviona vyote: Nakasero na maghorofa yake upande mmoja, msikiti mkubwa juu ya kilima cha ngome ya Lugard, na upande wa pili ukuta wa Lubiri, ambako mbele ya lango moto umewashwa tena.